‘Hawajala, binti’: Mtunza panya na kiganja kilichoharibu miezi saba

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mlango wa chuma unafunguliwa na mzee mmoja mfupi anaingia, koti la kazi limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Anawasalimia panya. Si mzaha: anasema “Habari za asubuhi, jamani,” kisha anasimama kidogo, kama anayengoja waitikie.

Vizimba viko arobaini, vimepangwa kwenye rafu za chuma kila upande. Anapita na daftari lake, anatazama chupa za maji, anainama kusoma kadi. Leo vizimba sita vya safu ya chini vina kadi nyekundu. Maana yake chakula kiliondolewa jana saa kumi jioni, na panya walio ndani hawatakiwi kuonja kitu mpaka mtafiti afike saa tatu.

Panya wa kadi nyekundu wamemwona. Wanasimama kwa miguu ya nyuma, pua kwenye nyavu, wananusa. Mzee anapeleka mikono nyuma ya mgongo na kuvishika vidole vyake mwenyewe.

“Usidhani ni maringo,” anasema. “Mikono hii siiamini.”

Ana miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia humu, akiosha vizimba, akibadilisha maranda ya mbao na kulisha panya wa taasisi ya utafiti. Zamani jengo zima lilimwita Mjomba. Siku hizi wanamwita Kiganja. Ukimuuliza kwa nini, anakuambia bila kukuzungusha, ingawa macho yake yanabaki sakafuni muda wote anaoongea.

“Niliwalisha,” anasema. “Waliotakiwa wakae na njaa, mimi niliwalisha. Kisha nikaulizwa, nikasema hawajala.”

Ili aibu hiyo ieleweke, lazima kwanza ini lieleweke, na hapo mzee anamwachia mwenye vizimba aseme. Huyo ni binti wa miaka thelathini na mmoja, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, anayeongea haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Anatafuta kujua kwa nini seli za ini la mtu mwenye kisukari huacha kuisikia insulini.

“Ukila, kongosho linamwaga insulini, na ini ndilo la kwanza kuipata,” anaeleza. “Insulini inabisha hodi kwenye seli: sukari imefika, iwekeni akiba, acheni kutengeneza nyingine. Ikishafanya kazi, ini hilohilo linaimeza na kuivunjavunja. Karibu nusu yake haivuki hapo. Ukikaa na njaa, inakuja homoni nyingine, glukagoni, inasema fungueni ghala.”

Kwa hiyo, anayetaka kupima kama ini linasikia hodi, aanze na ini ambalo halijabishiwa na mtu. Panya analala na njaa. Asubuhi nusu yao wanapewa insulini, nusu maji ya chumvi, kisha maini yanalinganishwa. “Panya akiwa amekula, kuna aliyebisha kabla yangu,” anasema binti. “Sipimi tena insulini yangu. Napima kifungua kinywa chake.”

Ndiyo maana kila asubuhi ya majaribio, kabla hajavaa glavu, alikuwa akiuliza swali moja mlangoni: “Mjomba, wamekula?”

“Hawajala, binti.”

Uongo huo, mzee anasema, haukuwa na faida yoyote kwake, na hilo ndilo linalomkera zaidi. Hakulipwa na mtu. Alikuwa akifika asubuhi, anakuta panya wenye njaa wamesimama wakimtazama, na moyo unamshinda. Anachota kiganja cha chakula chao, vile vipande vikavu vya kahawia, anampa huyu viwili, yule vitatu. Saa tatu ikifika hakuna hata chembe ya ushahidi.

“Nilijiambia, kiganja tu, kitaharibu nini?” anasema. “Kumbe kwa panya kiganja ni karamu.”

Njaa anaijua. Alipokuwa shule ya msingi, mchana wenzake walirudi nyumbani kula, naye alirudi kwao, ambako chungu kilikuwa kimefunikwa kifudifudi. Alikaa na mama yake kidogo, wakapiga soga, kisha akarudi darasani akijipangusa mdomo kwa mkono wa shati ili watu wadhani ametoka kula.

“Nilianza zamani kudanganya habari za kula,” anasema, na anacheka peke yake, kicheko kifupi cha kukereka. “Utotoni nilisema nimekula na sijala. Uzeeni nikasema hawajala na wamekula.”

Matokeo ya awamu ya kwanza yalikuja yamevurugika. Katika panya ishirini na wanne, baadhi ya waliopewa maji ya chumvi walikuwa na maini yaliyokwisha kuitikia, kana kwamba wamedungwa insulini. Wengine walikuwa sawa. Hakukuwa na mpangilio wowote, kwa sababu mzee hakuwa na mpangilio: alimpa anayemtazama.

Binti akarudia. Akabadilisha mizani, akabadilisha sindano, akapima kila kitu mara tatu. Awamu ya pili ikavurugika, na ya tatu nayo. Profesa wake akamwambia, mbele ya watu, kwamba huenda ana mikono mizito na afikirie kazi ya ofisini. Ufadhili wake ulikuwa umebakiza miezi mitano.

Baada ya awamu ya tatu, mzee alimkuta amekaa kwenye hadubini, macho mekundu. Akamwita aangalie. Kioo kimoja kilikuwa na kipande cha ini la panya mwenye njaa, rangi imepauka. Kingine kilijaa wekundu wa zambarau, ile akiba ya sukari inayowekwa na ini lililoshiba.

“Huyu wa pili ni wa kadi nyekundu, Mjomba,” binti alimwambia. “Ini lake linasema ameshiba. Wewe unasema hajala, na wewe huna sababu ya kunidanganya. Basi labda mimi ndiye nimerogwa.”

“Alisema hivyo akicheka, maskini,” mzee anasimulia. “Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Badala ya kusema, nikamuuliza kama anataka chai. Chai! Mtu anazama, mimi namuuliza habari za chai.”

Tangu siku hiyo hakulisha tena. Lakini hakusema, na kunyamaza kwake kukamwangukia mtu mwingine. Profesa alishakata shauri kwamba insulini ndiyo iliyoharibika, na aliyeitunza ni mama wa stoo, mjane ambaye kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akigawana chai yake ya saa nne na mzee huyu kutoka chupa moja. Akashutumiwa kwamba aliiacha nje ya friji. Akaandikiwa barua ya onyo. Ikanunuliwa insulini mpya, na awamu ya nne ikatoka safi kama maji.

Kila mtu akasema: si mnaona? Ilikuwa insulini.

“Mimi ndiye niliyekuwa najua kwamba awamu ile ilifaulu kwa sababu nilishika adabu yangu,” anasema mzee. “Na bado saa nne nilikwenda stoo nikanywa chai ya yule mama. Wiki tatu! Ananimiminia, ananiambia, ‘Kaka, labda kweli niliisahau mezani, uzee huu.’ Na mimi nameza.”

Anajifanya kurekebisha chupa ya maji ambayo haina tatizo lolote.

Aliyelitumbua jipu hilo ni mkewe, ambaye ana kisukari mwaka wa tisa sasa na hujidunga insulini mwenyewe. Jioni moja alijitoboa kidole, kipimo kikaonyesha kumi na saba, wakati kawaida yake haizidi tisa. Mzee akamuuliza amekula nini. Akaapa kwamba hajala kitu. Kisha akakitazama kile kidude, akaangua kicheko: alikuwa amemalizia mkate wa jamu wa mjukuu.

“Nikamwambia, kidude hiki hakina haya, baba watoto, kitaniumbua mbele ya nesi,” mkewe anasimulia akiwa nyumbani kwao, miguu juu ya kigoda. “Mimi nacheka, nageuka, namkuta mume wangu analia. Nikadhani nakufa, yeye ndiye kaambiwa!”

Akamweleza yote. Mkewe hakumbembeleza. Alimuuliza: “Na yule mama wa watu je, mwenye barua?” Kisha akamwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba kesho yake, kabla hajavaa koti la kazi, aende akaseme. “Nilimwambia, usiposema nakuja mwenyewe. Huo utafiti ni wa watu kama mimi. Umewalisha panya, umeninyima mimi.”

Alianzia stoo. Mama wa stoo alikuwa akihesabu maboksi ya glavu, na kikombe cha mzee kilikuwa tayari mezani, kimejaa.

“Nikamwambia, ‘Dada, insulini yako ilikuwa nzima. Aliyeharibu ni mimi.’ Alichukua kikombe changu akakimwaga kwenye sinki, akakiosha, akakifungia kabatini.”

Kwa binti ilikuwa vibaya zaidi, kwa kuwa hakukasirika. Alichukua kalamu akauliza: vizimba vipi? Panya nambari ngapi? Kama angezipata, angeweza kuwatoa waliokula na kuokoa waliobaki. Mzee hakukumbuka hata mmoja kwa hakika. Awamu tatu zikatupwa, kazi ya miezi saba, panya sabini na wawili.

“Huruma gani hiyo?” anauliza mzee. “Nilimhurumia mmoja mmoja asikae na njaa saa tatu zilizobaki, nikasababisha sabini na wawili wafe bure. Na mtoto wa watu akaambiwa ana mikono mizito.”

Barua ya mama wa stoo ilichanwa, mzee akaandikiwa yake. Binti aliongezewa miezi minne. Kwenye kitabu cha shahada anachoandika kuna sentensi moja inayoeleza kwamba wanyama wa awamu tatu walilishwa kinyume cha utaratibu. Mzee alimwomba aandike jina lake hapo. Akakataa. “Hiki ni kitabu cha ini,” alimjibu, “si chako.”

Mama wa stoo alilifungua kabati baada ya wiki sita, akamimina chai, na kusema, “Haya, Kiganja, kunywa, lakini biskuti nahesabu.” Jina likashika. Mzee analipenda, anasema, kwa sababu linamstahili.

Binti ndiye hajarudi kuwa kama zamani. Hamwiti tena mzee Mjomba. Anamwita mhudumu.

Saa tatu kasoro dakika tano anaingia, miwani mkononi, akiifuta. “Habari za asubuhi, mhudumu.” Anaweka mizani ndogo mezani, anapima debe la chakula, analinganisha na uzito alioandika jana jioni. Anapekua maranda ya kila kizimba kwa kibano. Anaandika. Hamuulizi mzee kitu. Mzee amesimama kando ya mlango, mikono bado nyuma ya mgongo.

Binti anapoinua kizimba cha kwanza kukipeleka maabara, mzee anasema taratibu: “Hawajala, binti.”

Binti anasimama. “Najua,” anasema. “Nimepima.”

Anatoka, na mlango wa chuma unajifunga wenyewe. Mzee anachukua fagio na kuanza kufagia kutoka kona ya mbali, mahali ambapo tayari ni pasafi. Amebakiza miaka miwili kustaafu. Hajaomba kupandishwa daraja wala kuhamishwa, ingawa nafasi ya bustanini ilikuwepo, jua zuri na hakuna panya.

“Nikihama, nitakuwa nimekimbia,” anasema. “Simdai msamaha. Akimaliza kitabu chake, nitashukuru. Ninachotaka ni kidogo tu: siku moja kabla sijastaafu, aingie hapa, aniulize wamekula, nimjibu, kisha asiiguse ile mizani.”