Ekseli ya Kumfikisha Mdogo Wangu

Miaka ile ya tisini gari langu lilikuwa limechoka na misiba, na mimi pia. Kati ya watu wa kwetu magharibi waliokaa jijini, mitaa ya Buruburu na Kaloleni, wenye gari tulikuwa wachache, kwa hiyo kila mkutano wa matanga ulipoisha kwenye ukumbi wa mtaa, macho yote yalinigeukia. Ningesema nini? Tulifunga jeneza kwenye keria ya juu, akina mama wakabanana nyuma, tukaenda. Mashimo ya huko nyumbani ndiyo yaliyoimaliza ekseli, kile chuma kinachotoa nguvu kwenye injini na kuzungusha gurudumu la mbele. Kila nikikata kona, upande wa kushoto uligonga ka-ka-ka, nami nikaongeza sauti ya redio.

Ndipo mdogo wangu, tuliyekuwa tukikaa naye, akazidiwa. Ugonjwa wenyewe siku hizo hatukuutaja. Hospitalini walisema tumpeleke tu nyumbani, na yeye mwenyewe akaniambia bila kuzunguka, "Brathe, nipeleke nikiwa nimekaa. Sitaki kwenda juu ya keria."

Hapo redio haikusaidia tena. Nilimwita fundi aliyetengeneza magari kando ya uwanja nyuma ya nyumba yetu. Akainua gari kwa jeki, akalitikisa gurudumu. Mpira unaofunika kiungo cha ekseli ulikuwa umepasuka, grisi imeisha, mchanga umejaa ndani.

"Mzee, hii haifiki Nakuru," akasema.

Akaenda kutafuta nyingine kwenye magari ya kuchinjwa, yale yanayofunguliwa yauzwe vipuri, akarudi nayo jioni. Meno ya ekseli hiyo yalikataa kuingia. Ilikuwa ya gari lingine kabisa. Mdogo wangu alikuwa ameketi mlangoni tangu asubuhi, amevaa koti na viatu, begi miguuni. Hakulalamika. Alivua viatu polepole, mke wangu akamrudisha kitandani. Nililala nikiogopa, na kila alipokohoa nilishukuru.

Kesho yake fundi alileta ekseli nyingine, nayo ikakubali. Fundi alipiga nyundo, akakaza nati, akaniambia niendeshe kidogo nikizungusha usukani mpaka mwisho, kulia, kisha kushoto. Kimya. Nilitaka kunawa mikono na kunywa chai kwanza.

"Chai utakunywa mbele," mdogo wangu akasema. Tukambeba, tukamweka kiti cha mbele, tukaondoka.

Njia nzima nilikuwa nasikiliza ekseli na pumzi yake, moja baada ya nyingine, mpaka shingo ikauma. Alilala, akaamka, akauliza tumefika wapi, akalala tena. Sikumwambia ni mbali kiasi gani.

Tulipokunja kuingia bomani, mama alikuwa akianika mahindi. Alipoliona gari hakungoja lisimame. Aliangusha ungo, akashika kichwa, akaanza kulia kwa sauti, na majirani wakaja mbio. Simlaumu. Gari lile lilikuwa limemletea watu wake wengi, na hakuna aliyejibu alipoitwa.

Mdogo wangu alihangaika na kioo mpaka kikashuka kidogo.

"Mama," akasema, "nyamaza. Ni mimi. Nipe maji."