Theluji na Wajina wa Mama

Juzi jirani yetu hapa Abu Hamour alianika ovaroli ya theluji kwenye roshani yake. Mnaijua Doha mwishoni mwa mwaka: jasho limepungua lakini jua halijaomba radhi. Basi katikati ya kanzu nyeupe na mashuka ya watoto, hiyo ovaroli ilikuwa inaning'inia, nyekundu, imevimba kwa pamba, na nilipopita chini yake ikanijia harufu ya nailoni mbichi iliyochanganyika na dawa ya nondo. Nikasimama pale na mifuko yangu ya nyanya. Mimi ni mtu mzima, nina kazi yangu, nina darasa zima la watoto wa wenyewe wanaoniita mwalimu, na bado wivu ulinipanda kama kiungulia.

Wivu wa nani? Wa msichana mmoja anayeitwa Mwende. Ngojeni niwaeleze, kisha mniambie kama nilikuwa na kosa.

Kwetu Ukambani mtoto haokotewi jina. Mimi ni kifungua mimba, na msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Ndiyo nikaitwa Ndunge, jina la susu, bibi yetu aliyebaki nyumbani Makueni. Kwa sababu hiyo Baba aliniita mama, kwa heshima kabisa, na Mama akaniita mama mkwe, kwa utani usio na likizo. "Mama mkwe, vyombo vinakungoja." "Mama mkwe leo ameamka na hasira." Na susu mwenyewe hakuwa mtu mwepesi. Tangu Mama aolewe, chumvi ya mchuzi wake ilikuwa ama imezidi ama imepungua, haikuwahi kutosha. Kwa hiyo mimi nilihisi kama nimezaliwa nikiwa na kesi ya kujibu.

Mwende naye alikuwa binti wa Anti Koki, rafiki mkubwa wa Mama. Wote wawili walikuwa wauguzi. Anti Koki alipofika Doha hakuwa na mtu, na Mama alimpokea, akamlaza kwetu, akamfundisha hata namna ya kubishana na madereva wa teksi. Alipojaliwa msichana akampa jina la Mama: Mwende. Wazee wa kwao walinuna, maana walikuwa na bibi zao waliongoja jina. Mama alilia kwa furaha mpaka macho yakavimba.

Mjue kwamba wajina kwetu si jambo la mchezo. Wajina wako ni wewe umezaliwa mara ya pili. Ukimkemea umejikemea, akilala njaa umelala njaa wewe. Nyumbani angepewa mbuzi, lakini Doha mbuzi utamfuga wapi, ghorofa ya tatu? Mama akampa herini za dhahabu. Kila Ijumaa baada ya kanisa, maana Doha ibada yetu ni Ijumaa, Mama alimpakata na kumsifu nywele, na kumwita wajina kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kuipata. Tena jina lenyewe, Mwende, maana yake ni mpendwa. Sasa niambieni, mtoto wa miaka kumi afanye nini? Nyumbani kuna mpendwa, na yeye ni mama mkwe.

Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Uongo. Mimi nilinenepa.

Safari ya theluji ilitoka kichwani mwa Anko Muema, baba yake Mwende, aliyekuwa msimamizi wa walinzi Lusail. Kazini alikuwa amesikia watu wakisema kwamba Georgia, ile nchi ya milima iliyo kaskazini yetu, si mbali kwa ndege, na theluji ya huko haina mfano. Akaja nyumbani na habari hizo, ameshika kiuno. Alisema haiwezekani mtu azeeke akijua baridi ya friza na ya kiyoyozi peke yake. Baba, mtu wa kompyuta ambaye hakupenda kutoka hata kwenda ufukweni, kwa ajabu akakubali. Familia mbili, likizo moja ya shule, tukaanza kufunga mizigo.

Na sisi watu wa Doha, baridi tulidhani tunaijua. Si tulikuwa tunavaa sweta tukienda sinema? Baba alibeba koti lake la ofisini. Anko Muema alijaza sanduku unga wa ugali na kuweka soksi juu. Mavazi halisi ya theluji tulikuwa nayo pea moja tu: ovaroli nyekundu ya mtoto, pamoja na glavu zake, ambayo daktari mmoja kazini kwa Mama alimpa kwa sababu binti yake alikuwa ameshaizidi. Ilikuwa na zipu ya fedha na kofia yenye manyoya. Niliijaribu sebuleni, ikanitosha kama nimekatiwa. Nilijiangalia kwenye kioo cha kabati nikajiona nimekuwa mtu mwingine.

Kisha Mama akasema, "Haya vua, wajina naye ajaribu."

Kwake ilipwaya. Mikono ilibidi ikunjwe, na magoti yake yalishuka mpaka kwenye shavu la mguu. Mimi nilishaanza kutabasamu. Mama akazunguka mara moja, akamwangalia, akafunga ile zipu mpaka kidevuni. "Wajina ni mwembamba, baridi itampiga. Mama mkwe, wewe una mafuta yako."

Kila mtu akacheka. Baba pia alicheka. Mimi nikaenda chooni nikafungua maji ili wasinisikie.

Theluji tuliikuta imeanguka usiku kucha. Asubuhi tulifungua mlango wa nyumba ya wageni tukakuta hakuna njia, hakuna uzio, hakuna gari, kila kitu kimezikwa chini ya weupe uliotuumiza macho. Haikuwa barafu ngumu kama nilivyodhani. Ilikuwa laini na kavu, kama unga wa sembe, ukiipuliza inaruka. Baba alitumbukiza mkono mpaka kiwikoni, akautoa, akaulamba. Anti Koki alijifunga leso mbili kichwani na kuanza kuimba pambio. Na ule ukimya, jamani. Mtu aliyekulia kwenye honi na mashine za ujenzi, ukimya ule unamtisha. Mimi nilisimama katikati yake nikiwa na suruali mbili, sweta tatu na koti la mvua la Baba lililofungwa kwa kamba kiunoni.

Wa kwanza kuteleza bila kuanguka alikuwa nani? Sihitaji kuwaambia. Mwalimu wa pale, kijana mpole wa maneno machache, alitufunga zile mbao ndefu miguuni, akatuonyesha namna ya kukutanisha ncha zake ili kupunguza mwendo. Mwende aliteremka kile kilima cha watoto kama maji. Mimi niliteremka kwa makalio. Chini alikuwepo Mama na simu yake, akipiga picha, na kila picha ilikuwa na rangi nyekundu ndani yake. "Ona wajina! Ona anavyojua!" Koti la Baba lilikuwa la kijivu. Nadhani hata picha zenyewe hazikuniona.

Siku ya pili nilikuwa nimejifunza kidogo. Nilijua kusimama, nilijua kwenda moja kwa moja, ila kukata kona sikujua. Mchana tulipanda juu tena, mimi na Mwende, na mwalimu akatuachia tuteremke wenyewe huku akimfunga viatu mtoto mwingine. Nilimwona Mama kule chini ameinua simu. Nikasema leo atanitazama mimi, atake asitake. Mwende alikuwa mbele. Nikajiachia.

Wote wawili tulipitiliza kona. Nje ya njia iliyoshindiliwa kulikuwa na bonde dogo karibu na miti, ambako theluji haikuwa imekanyagwa na mtu, na mtu akiingia humo anapotea. Mimi niliingia na miguu mbele. Nilizama mpaka kifuani, mbao zikanaswa huko chini, nikawa siwezi kwenda mbele wala nyuma. Mwende alikuwa ametangulia, akaangukia mbele zaidi, sikuona jinsi gani. Nilichojua ni kwamba nimekwama, theluji imeingia shingoni na mikononi, na koti la mvua halizuii chochote. Nikapiga kelele. Niliita Mama kwa sauti ambayo naamini hata susu aliisikia huko Makueni.

Na Mama akaja. Alitupa simu akapanda hadi lile bonde akizama mpaka mapajani, anajing'oa, anazama tena. Nilimwona uso wake. Nilinyoosha mkono. Alikuwa ananijia mimi, moja kwa moja, amekaribia kiasi cha kuniwezesha kugusa sketi aliyovaa juu ya suruali.

Akanipita.

Alinitazama machoni, akanipita. Akaenda mpaka pale ambapo mbao moja ilikuwa imechomoza juu ya theluji, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono mitupu. Nililia zaidi. Hakugeuka. Nikalia mpaka sauti ikakwaruza, naye anachimba tu, theluji inaruka nyuma yake. Kisha nikaona wekundu. Akamvuta Mwende kutoka chini, maana alikuwa ameingia kichwa kwanza, akamsafisha mdomo kwa kidole, akampiga mgongoni mpaka akakohoa. Akamkumbatia. Mimi niko pale pale, nimesimama kwenye shimo langu.

Alipokuja kwangu nilikataa mkono wake. Alinitoa Baba, aliyefika akihema.

Jioni ile watu walimshukuru Mungu kwa maisha ya Mwende. Anti Koki alimkumbatia Mama hakutaka kumwachia. Anko Muema, yule mzee wa mizaha, alisonga ugali huku machozi yanamtoka akisema ni moshi, na jiko lenyewe lilikuwa la umeme. Wote walimlisha Mwende kwa zamu. Nitawaambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu: nilitamani ningezama mimi kichwa chini. Nilitamani ningezikwa kabisa, nione kama angenichimba.

Mama alikuja chumbani na kikombe. "Chai yako, mama mkwe." Nikageukia ukutani. Akakaa kitandani kwa muda. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kuwa vyekundu, kikombe alikishika kwa viganja vyote viwili kwa sababu haviwezi kukunjika. Niliviona. Nikasema moyoni, hivyo ndivyo vidole vilivyomchimba mwingine. Chai ikapoa. Akaondoka nayo.

Tulirudi Doha na maisha yakaendelea, na mimi nikanuna kwa miaka. Sizungumzii kununa kwa kitoto kwa midomo. Nilimsalimia Mama, nilimsaidia jikoni, nilimpa kadi siku yake ya kuzaliwa. Lakini ndani nilishaandika hukumu: aliambiwa achague, akachagua. Hata alipostaafu na kurudi Makueni kukaa na Baba, nilimpigia simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa aliuliza "Wajina hajambo?" nami nikajibu hajambo, huku nimeuma meno.

Mwaka huu ndio nilijua. Nafundisha shule ya chekechea huko Al Rayyan, na asubuhi moja wakati wa mapumziko watoto wawili walianguka pamoja kutoka juu ya ngazi ya kuchezea. Mmoja alikuwa karibu nami, ameshika goti lake, analia shule nzima inasikia, ananyoosha mkono. Wa pili alikuwa amelala mbele kidogo, kimya. Sikufikiri. Miguu yangu ilimpita yule wa kwanza, ikaenda kwa aliyekuwa kimya. Alikuwa amepoteza pumzi tu, nilimweka vizuri, akavuta hewa, akaanza kulia, nami nikashukuru kwa kilio kile. Kisha nikageuka nyuma.

Yule wa kwanza alikuwa ameacha kulia. Alikuwa ananitazama. Ule uso naujua. Niliuvaa mimi, kwenye lile bonde, nikiwa na koti la Baba.

Jioni nilimpigia Mama ingawa haikuwa Ijumaa. Nikamwambia yaliyotokea shuleni, na kisha nikamuuliza kama anakumbuka Georgia.

"Nakumbuka ulinyoosha mkono," akasema. "Huo mkono nimeuona miaka hii yote, Ndunge."

Hakuwa na kawaida ya kuniita Ndunge.

"Wajina nilikuwa simsikii. Wewe nilikuwa nakusikia. Anayelia anapumua, hiyo kila muuguzi anajua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kumpita mtoto wako ni kingine. Nilichimba na mgongo nimekupa, siwezi kugeuka, kwa sababu nikikuona tena nitamwacha mtoto wa Koki."

Nikamwambia kwamba nilidhani hakuwa ananisikiliza.

"Nilikuwa sisikilizi kitu kingine," akasema. "Kila ulipovuta pumzi ili ulie tena, moyo wangu ulikuwa unasimama. Nilikuwa nachimba huku naomba Mungu usinyamaze."