Kompyuta Yetu Iliyokaa kwa Kina Rukia

Wale tuliokulia Langoni, hapa Lamu, kabla ya simu za kugusa twajua maana ya kukitamani kitu. Vijana wa leo bando ikikatika kidogo tu, utadhani nyumbani kumefiwa. Sisi tulikaa vibarazani tukicheza mdako hadi vidole vikaota sugu, tukila achari ya embe iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari, na achari ikiisha tukailamba karatasi. Kompyuta tuliijua kwa sura. Ile ya shule ilikaa chumbani kwa mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na siku tuliyoruhusiwa kuiona tulivua viatu mlangoni, tukapanga foleni, kila mtu akabonyeza herufi ya kwanza ya jina lake na kumpisha mwenzake.

Mimi nilibonyeza E, ya Esha. Nyuma yangu alikuwa Rukia, binti ya ami yangu. Nyumba zetu zilitazamana, na ndia baina yazo ilikuwa nyembamba hata punda akipita na mzigo wa mawe ilibidi tujibanze ukutani. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kila Idi alitushonea nguo za kitambaa kimoja ili pasiwe na kununa. Kununa kulikuwapo vilevile. Ile nguo moja ikimkaa Rukia kama imezaliwa naye, na mimi ikinikaa kama ya kuazima. Nilimpenda na nilimwonea wivu, na sikumbuki siku ambayo nilifanya hili bila lile.

Basi Baba na ndugu yake, Ami Salim, wakaamua kuchanga wanunue kompyuta ya wasichana wao wawili. Mjomba Twalib, kaka yake Mama, alifanya kazi Mombasa katika duka la kompyuta za mitumba, naye akasema iliyokamilika hatuiwezi. Bora atafute vipande kimoja kimoja, aje aviunge mwenyewe. Jioni moja baada ya alasiri alipiga simu, Ami akailaza kwenye mkeka na kuifungua sauti, nasi sote tukaizunguka.

"Sikizeni," alisema Mjomba. "Mkitaka kioo bapa, ram itakuwa ndogo. Mkitaka spika kubwa, itabidi tuikate hadidiski, ghala lake la kuwekea kazi. Kila mnachoongeza huku, chatoka kule."

Ami alitaka spika zenye kishindo, za kusikilizia kaswida. Rukia alitaka kioo bapa kama cha benki. Mkewe Ami, ambaye nilimwita Mama Zuhura, aliuliza kama haipatikani ya rangi ya waridi, ioane na mapazia. Mimi nilikuwa na langu. Mjomba alipokuja likizo alikuwa amenieleza kazi ya kila kipande, na maneno yake nilikuwa nikiyarudia moyoni kama sura za Kurani za chuoni.

"Mjomba, punguza kioo uongeze ram," nilisema. "Baba, si wewe wasema meza ya kukatia ikiwa ndogo kazi haiendi, hata mkasi uwe mkali vipi? Ram ndiyo meza."

Baba alicheka. "Huyu amenishinda. Twalib, tuongezee meza."

"Na kioo?" Rukia akauliza, midomo imeshachomoza.

"Kioo kitakuwa kile chenye kisogo," alisema Mjomba. "Chaonyesha vizuri, uzito tu ndio kilicho nao. Sanduku nimepata lililokwaruzika, haidhuru. Vyote vitakuwa vya mitumba isipokuwa paua saplai, ile ya kupokea stima. Hiyo nawanunulia mpya, maana stima ya Lamu naijua, yapanda na kushuka kama homa."

Usiku ule nililala nikiwa malkia. Nilikuwa nimechagua.

Mjomba alikuja na makasha yake kwa basi hadi Mokowe, akavuka kwa boti, na kutoka gatini mzigo ukaja juu ya punda, yeye akitembea kando ameshika kile kioo kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Ijumaa baada ya swala alitandika mkeka sebuleni kwa Ami, akapanga mazabodi, ule ubao wa kubebea vipande vyote, prosesa, nyaya na skrubu zake. Watoto wa mtaa walijaa dirishani. Ilipofika zamu ya ram alinitazama.

"Esha, ndoo hapa. Hii ni yako. Ibonyeze hadi usikie mlio."

Nikaibonyeza. Ikalia tak! Mpaka leo sijasikia sauti nyingine tamu kama hiyo. Mjomba alipoiwasha na kioo kikapata rangi, Mama Zuhura alipiga vigelegele, na mtu asiyejua lolote akaitikia kutoka nyumba ya tatu.

Kisha wazee wakakaa kuamua iwekwe wapi. Kwetu tulikaa chini, na kuta zetu zilikuwa zikitoa chumvi, ukiegemea watoka na unga mgongoni. Kwa Ami ilikuwa ghorofani, kukavu, na upepo wapita.

"Itakaa kwa Salim," alisema Baba. "Lakini ni yenu nyote wawili. Mmesikia?"

Tulisikia. Ila nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Kila nikipanda ngazi, Mama Zuhura aliniambia nioshe miguu. Nikirudi nimeosha, nilimkuta Rukia ameshaketi. Akakipamba kioo kwa picha yake mwenyewe ya Idi, na mimi nilikuwa kando yake katika picha ile lakini nimekatwa, limebaki bega. Siku nyingine niliambiwa, "Rukia amechoka, ndoo kesho," na nikishuka tu, naanza kusikia kibodi. Dirisha lao lilikuwa juu, likitazama letu. Nilikula mkate wa mofa na mchuzi wa papa nisijue natafuna nini, nikihesabu kwa masikio kila herufi aliyoiandika binti yule kwenye ram yangu.

Shuleni ikawa habari ni Rukia tu. Rukia ana mchezo wa karata. Rukia achapa kadi za mwaliko. Wasichana waliokuwa wakinifuata mimi niwasaidie hesabu, sasa walimbebea yeye mkoba. Mama aliniona nimekonda akadhani ni minyoo, akaninywesha dawa chungu, nami nikainywa. Ningemwambiaje kwamba naumwa na kompyuta?

Halafu siku moja kompyuta ikakataa. Ilitoa mlio mrefu na kioo kikabaki cheusi. Rukia alilia, Ami akasema itafungwa irudishwe Mombasa, na Mama Zuhura akaapa ni jicho la watu, akatazama dirisha letu. Hatimaye Baba ndiye aliyesema, "Si mumwite Esha?"

Nilipanda. Niliosha miguu. Nilizima stima, nikafungua sanduku, nikaichomoa ram. Vile vijino vyake vya dhahabu vilikuwa vimefifia kwa unyevu na chumvi. Nikachukua raba ya penseli nikavisugua taratibu kama Mjomba alivyonifundisha, nikairudisha mahali pake na kuwasha. Rangi zikarudi, na Rukia wa Idi akatokea, na bega langu.

"Mashaallah!" alisema Mama Zuhura. Akaingia ndani akatoka na soda baridi kwenye sahani, na kitambaa chini yake. "Kunywa, fundi. Twashukuru sana kwa kuja."

Kwa kuja. Soda ile aliniwekea kama anavyowekewa mtu wa nje aliyemaliza kazi yake na sasa angojewa aondoke.

"Ami," nilisema, "mimi si fundi. Hii ni yangu pia."

Baba alitazama mikono yake. Mtoto hakusema hivyo mbele ya wazee enzi zetu, na nilikuwa nangoja kofi. Ami Salim alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

"Kweli," alisema. "Ni yako. Tumeghafilika." Akamgeukia mkewe. "Tutaweka ubao ukutani kwa kaka, isiguse chumvi. Itakaa huko hadi Ramadhani, kisha irudi."

Kesho yake ikashushwa ngazi na kuvushwa ndia. Niliketi mbele yake mimi wa kwanza na mimi wa mwisho. Niliifuta ile picha. Nilicheza karata, nikachapa jina langu kwa kila aina ya maandishi, nikakiongezea kiti mto. Nilimngoja Rukia apande kizingiti chetu nami nimwambie akaoshe miguu.

Hakuja. Siku nenda siku rudi hakuja. Alasiri moja nikiwa nimekaa pale peke yangu nilisikia kicheko chake nje, nikachungulia: alikuwa barazani na wale wasichana wote, wakicheza mdako, vijiwe vyaruka, naye ameinua uso juu mato yakifuata kijiwe. Kompyuta ikivuma nyuma yangu. Wivu ulionishika siku ile ulishinda ule wa mwanzo wote, maana sasa sikuwa na cha kudai.

Niliizima, nikatoka nje. Rukia alisogea pembeni kidogo kunipisha, nikaketi.

Yeye sasa yuko Mombasa na watoto wake, na mimi nina duka dogo hapa hapa mjini, naunga na kutengeneza kompyuta. Mwezi uliopita mwanangu Hamdi alijichagulia vipande vya yake. Hakuniuliza. Alilala kitandani na simu, akasoma maoni ya watu wasiomjua, akalinganisha prosesa kwa kidole, na mzigo ukaletwa hadi mlangoni. Aliviunga chumbani kwake vipokea sauti vikiwa masikioni. Ndani yake mna kasi ambayo sisi hatukuota, na mataa yanayobadilika rangi kama disko.

"Imewaka?" nilimuuliza.

"Iko sawa, Mama," alisema bila kugeuka.

Hakukuwa na mtu dirishani. Nilisimama na kikombe chake cha chai mkononi nikiwaonea wivu watu wawili kwa pamoja: yeye, kwa mashine ile, na yule Esha mkondefu aliyekuwa na mtu ng'ambo ya ndia wa kumwonea wivu.