Mikorosho Niliyokata kwa Neno la Mgombea

Nakumbuka siku moja ya kampeni hapa Fukayosi, mwanangu, nilipomwona mke mwenzangu Mwanahawa kakalishwa kiti cha mbele, khanga mpya mabegani, meno yote nje. Bi mkubwa ni mimi. Mimi ndiye niliyempokea akiingia na begi moja. Lakini siku hiyo mimi nimesimama juani, moyo unachemka kama uji.

Baada ya hotuba mgombea akapita nyumba kwa nyumba. Kwangu akaniita "mama yangu mzazi", na jina langu hajaliuliza. Nikamtolea ya moyoni: mume wetu kamchimbia Mwanahawa kisima uani kwake, mimi naenda kuomba, na kila ndoo yule mwanamke anaisindikiza na neno. Bwana yule akanitazama, akajua pa kunikuna.

"Mama kama wewe hustahili kuomba maji. Hapa penye mikorosho panafaa kisima kabisa. Sisi tukiingia, maji ndiyo kipaumbele."

Masikio yangu yakasikia nachimbiwa kisima! Wiki ile ile nikakata mikorosho yangu sita, tena imeshatoa maua, ili mashine ipate nafasi. Akilini nilishamwona Mwanahawa anakuja na ndoo, nami namwambia asubiri kwanza, naoga.

Mwanahawa mwenyewe akaja kuona visiki, akasimama kwenye uzio. "Dada, kwani amesema atachimba?"

"Amesema panafaa!"

"Hata kichwa changu kinafaa taji. Nani kaniletea?"

Nikamwambia wivu utamuua. Mimi huyo, ndiye ninayesema!

Mgombea akapita kwenye uchaguzi, akapotea. Nikasikia ana mkutano Msata, nikamfuata, nikamuuliza mbele za watu. Akatabasamu. "Mama, nilisema panafaa. Mpaka leo panafaa." Watu wakampigia makofi. Nimshike kwa uongo gani? Nikarudi na mikono mitupu, na ndoo nikaipeleka kule kule. Msimu ule Mwanahawa alibangua korosho zake mlangoni, nami nikabaki na visiki. Nikufiche nini, mwanangu? Hata leo nikisikia harufu ya korosho zake jikoni, roho inaniuma.

Sasa magari ya vipaza sauti yamerudi, na wewe nakuona umeshavaa fulana. Nenda kasikilize, sikukatazi. Ila msemaji hodari anatafuta pale panapokuwasha, anapakuna, halafu anakuachia ujidanganye mwenyewe. Akisema "tutaangalia", muulize nani ataangalia, na lini, na watu wasikie. Na kabla hujatoka ndani, jiulize unamwonea nani wivu, maana atapitia hapo hapo. Shoka lako liache ndani mpaka uone kazi imeanza.

Mwenyezi Mungu akujaalie sikio linalochuja, akutilie baraka shambani kwako, na akuepushe na mke mwenza. Amin.