Kurasa Nne za Liverpool

Kwetu Malindi mtu aliye mbali haambiwi msiba akiwa peke yake. Haandikiwi barua wala hapigiwi simu. Hutafutiwa watu kwanza, akakalishwa nao, akasomewa, ndipo akaambiwa taratibu. Nimekulia katika desturi hiyo, na nikiwa Uingereza niliitetea mbele ya Wazungu waliosema ni uongo. Desemba moja katikati ya miaka ya themanini ikanifika mimi mwenyewe. Tangu hapo siitetei, wala siilaumu. Naiogopa tu.

Nilikuwa nasomea ufundi katika chuo kidogo huko kaskazini. Krismasi bweni lilifungwa, nikashuka London kwa rafiki yangu wa Mambrui, ambaye kwa mwenye nyumba wake kulikuwa na simu. Wa tatu wetu alikuwa mtoto wa mpishi wa hoteli, wazazi wake Wakristo kutoka bara, waliohamia Malindi yeye akiwa bado anatambaa. Tulisoma darasa moja sote watatu, na tangu Oktoba tulikuwa tumepanga kuizunguka nchi kwa basi: Birmingham, Liverpool, York.

Nyumbani nilikuwa nimeacha kifua cha mamangu. Barua ya mwisho ya kakangu ilisema pumu imemzidi, amelazwa, tena ikasema hajambo, na yote hayo katika mstari mmoja. Kwa hiyo kabla hata sijavua koti mlangoni London niliuliza, "Nyumbani wamepiga simu?"

"Wamepiga," akajibu wa Mambrui. "Wakusalimu sana."

Mama alikuwa amezikwa adhuhuri ya siku ile ile. Kakangu alikuwa amepiga simu kutoka posta na kuusia: asiambiwe peke yake, mpelekeni kwa watu, mama asomewe, kisha mwambieni. Wenzangu walijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa likizo.

Lazima niseme mama alikuwa nani. Alisomesha Kurani watoto wa mtaa uani kwetu, wakati mwingine ishirini kwa mara moja, kila mmoja na sura yake, naye yuko jikoni akikaanga samaki. Katika makelele yale yote mtoto akiruka aya moja tu, sauti ilitoka jikoni: "Rudi!" Hakutaja jina. Aliyeruka alijijua, akarudi. Neno hilo nilirushiwa mimi kuliko wote, maana nilikuwa mvivu na uwanja wa mpira ulikuwa nyuma ya ukuta.

Birmingham walikusudia kuniambia. Tulilala kwa mama mmoja wa Unguja, mtu wa heshima, naye alikuwa tayari na kitambaa mkononi. Lakini theluji ilianguka asubuhi ile, ya kwanza maishani mwangu, na mimi nikatoka nje mbio kama ndama. Nikasema nitamjazia mama kwenye chupa ya chai akaione. Wa Mambrui aligeuka akatazama ukuta. Yule wa bara hakusema kitu siku nzima, nami nikamtania kwamba baridi imemgandisha ulimi, kwamba amekuwa kama bibi harusi siku ya kwanza. Nilitania sana siku zile. Naikumbuka sauti yangu mwenyewe na natamani mtu angeniziba mdomo.

Liverpool tulifikia kwa mzee mmoja, mzaliwa wa Takaungu, aliyefanya kazi kwenye meli miaka mingi kisha akaoa huko na kubaki. Tulifika saa tisa mchana na jua lilikuwa tayari linaaga. Nilikuwa sijala tangu chai ya asubuhi. Mlango ulipofunguliwa nilipigwa na harufu mbili kwa pamoja, pilau na ubani, nami nilisikia ya pilau tu.

Chumba kilijaa wanaume, wengi wao Wayemeni wenye maduka mtaa ule. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanitazama, asiuachie. Nikadhani ni uzee.

"Kuna khitma hapa," wa Mambrui akaniambia kwa sauti ya chini. "Ni ya mama mmoja wa kwetu. Hapa hana mtu. Tumsomee."

"Mama gani?"

"Soma, ndugu yangu. Msomee tu."

Ilikuwa siku ya tatu ya kuzikwa kwake, na hilo pia sikuambiwa. Majuzuu ya Kurani yakagawanywa, kila mtu lake. Langu lilikuwa limechakaa, kurasa zimelegea. Nikaanza vizuri. Nilipofika nusu nikasikia sufuria ikifunuliwa jikoni, na wale Wayemeni wasomaji hodari walikuwa wameanza kufunga vitabu vyao mmoja mmoja. Sikutaka kuwa wa mwisho huku pilau linapoa. Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja, kisha mbili tena. Mama wa watu, nikajisemea, atanisamehe.

Hapo nikasikia, wazi kabisa, kutoka upande wa jikoni: "Rudi!"

Jikoni alikuwamo mke wa mzee, Mwingereza asiyejua Kiswahili hata salamu. Niliinua macho. Hakuna aliyegeuka. Wa Mambrui, aliyekaa karibu nami, alikuwa ananitazama vidole. Nikainamisha kichwa, nikamaliza juzuu, nikalifunga. Sikurudi. Mzee alipoomba dua ya marehemu niliitikia amin kwa sauti kuliko wote, kwa kuwa baada ya dua ni chakula.

Mwenzetu wa bara alikaa karibu na mlango bila viatu, mikono magotini, macho mekundu. Tulipotoka nikamuuliza, "Vipi, leo umesilimu?" Mtoto yule alikula kwetu mchana karibu kila siku ya shule, na mama alikuwa akimwekea kipande kikubwa cha samaki, kikubwa kuliko changu.

Hata baada ya dua ile hakuna aliyethubutu kuniambia, na York ndiko mambo yalikofikia mwisho. Siku ya pili pale tuliingia sokoni, nikaona shali ya sufu, nzito, rangi ya kahawia. Nikawaza jinsi mama anavyokohoa asubuhi za Julai, upepo wa kusi ukivuma. Nikamwambia mama mwenye kibanda anifungie.

"Usinunue," akasema wa bara.

"Kwa nini? Ghali?"

"Usinunue, bwana. Tafadhali." Na hapo sokoni, mbele za watu, akaanza kulia kama mtoto.

Wa Mambrui akasema zile kalima tunazosema sote akitajwa maiti, mpaka mwisho, taratibu, na mkono wake ukawa begani mwangu. Hakuhitaji kusema jina. Yule mama wa kibanda alibaki ameshika karatasi ya kufungia, hajui la kufanya.

Watu hufikiri nililia. Sikulia. Niliuliza, "Ile ya Liverpool?"

"Yake."

Nikampiga wa Mambrui kofi. Hakujikinga. Nilimwambia, "Uliniona nikiruka!"

"Nilikuona."

"Kwa nini hukuniambia nirudi?"

"Ningekwambia urudi kwa ajili ya nani?" Akashika shavu. "Baadaye nilizisoma mimi zile kurasa, wallahi, nne zote. Usiku nisingelala."

Nilimshukuru miaka mingi baadaye. Siku ile nilimchukia, na nilimchukia zaidi kwa kuzisoma.

Shali niliiacha kibandani.

Nilirudi Malindi Julai. Mama mdogo, aliyemwosha dada yake kwa mikono yake, alinipokea uani pale pale tuliposomea. Jirani walijaa. Nikatoa shikamoo kwa wakubwa, nikakaa chini. Kakangu alikuwa ameshawasimulia khitma ya Liverpool, jinsi wageni walivyomsomea mama katika nchi ya barafu.

"Na huyu je?" akasema mama mdogo, akinishika kidevu na kuwaonyesha. "Mwanawe alimsomea mwenyewe juzuu zima, na asijue ni mamake! Marehemu alikuwa kila siku akihofu, huyu mvivu nikifa ataniruka. Sivyo, mwanangu? Hukumruka."

Wote waliningoja. Jikoni kulikuwa kimya, hakuna aliyekaanga kitu.

"Sikumruka," nikasema.

Juzuu lile nimelisoma tangu hapo mara nisizoweza kuzihesabu, peke yangu, neno kwa neno. Nikifika zile kurasa nne nasoma polepole sana na kutega sikio kuelekea jikoni. Sijaitwa tena.