Walitaka kumkata mwanangu kimeo kwa sababu mimi naogopa matapishi

Wakuu, hodi humu ndani. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Ninachoandika hapa kimenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Waliokuwa Bujumbura miaka ya vita wakisoma watanijua ni nani. Wanijue tu, nimechoka.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye walima ya ndoa ya mtoto wa ndugu. Watu wameshiba, soda zinapita, wifi yangu akaanza tena stori yake. Hiyo stori anaitoa kwenye kila shughuli, utadhani imeandikwa kwenye kadi ya mwaliko.

"Munamujua huyu? Wakati wa vita, risasi zinalia, yeye anachagua muchele tu. Lakini mutoto wake akitapika, anatoka mbio mpaka barabarani!"

Ukumbi mzima ukacheka mpaka kushika mbavu.

Safari hii sikucheka nao. Nilichofanya nitakisema mwishoni. Kwanza nataka msikie stori yote, maana wifi yangu tangu zamani anasimulia nusu.

Ni kweli, mimi naogopa matapishi. Na siongelei kinyaa, kinyaa kila mtu anacho. Mimi nikisikia tu koo la mtu linajiandaa, mikono inakufa ganzi, masikio yanaziba, jasho linatoka, na miguu inanitoa pale kabla sijaamua chochote. Niko hivyo tangu mtoto. Marehemu mama yangu alinizoea, mdogo wangu akiumwa tumbo alikuwa ananituma dukani hata kama hakuna cha kununua.

Siku hizi naambiwa hali hiyo ina jina la kidaktari na tuko wengi. Zamani zile kwetu Jabe, mtaa wa Bujumbura, ilikuwa na jina moja tu: kujifanya mzungu.

Na ujauzito je? Msiniulize. Niliubeba huku nimeziba masikio nisijisikie mwenyewe.

Basi, nikajifungua binti, Zaina, mtoto wangu wa kwanza. Tulikuwa tunakaa Jabe, nyuma ya soko. Mume wangu alikuwa fundi wa magari. Mama yake alikuwa anakaa nasi kwa sababu mtaa wake ulichomwa, akafika kwetu na kanga aliyovaa na sufuria moja. Simsemi vibaya, Allah amrehemu. Alinipikia uji wa uzazi na kunikanda kama mwanawe wa kumzaa. Ila jambo hili sitalisamehe kwa kunyamaza.

Siku ya chanjo ikafika. Nikaenda kituo cha afya, akina mama tumejaa kwenye mabenchi, kila mtu anatazama mlango. Zaina akapigwa sindano ya paja, akalia. Kisha akawekewa matone mdomoni.

Matone hayo hayakukaa. Yalirudi palepale, pamoja na maziwa yote.

Nikamweka mtoto kwenye mapaja ya mama aliyekaa pembeni yangu, nikatoka uani. Narudia: nilimweka, sikumtupa. Niliporudi alikuwa ameshapanguswa, na muuguzi ananisubiri mikono kiunoni, mbele ya watu wote.

"We ni mama wa namuna gani? Mutoto anatapika, we unatoroka? Ulizaa ya nini?"

Benchi zima likacheka. Mimi nikamuuliza:

"Matone si yametoka yote? Sasa chanjo imeingia ama apana?"

Akambana Zaina mashavu, akamwekea matone tena. Nikauliza, "Sasa amekunywa mara mbili, si itamudhuru?"

"Suivant!"

Ndilo jibu nililopewa. Aje anayefuata. Wakuu, yote mtakayosoma hapa chini yametoka kwenye swali lile ambalo halikujibiwa. Mtu amesoma, ana koti jeupe, ana jibu la sentensi mbili kichwani, anaona bora anitukane.

Nikarudi nyumbani na wasiwasi, nikafanya kama anavyofanya kila mtu mwenye wasiwasi, nikausema. Nikamwambia mama mkwe kwamba mtoto amepewa matone mara mbili. Akamtazama Zaina kama anayetazama nyama iliyoachwa juani.

Jioni homa ikapanda kidogo. Kesho yake Zaina akaanza kutapika.

Ananyonya, anarudisha. Analala, anaamka, anarudisha. Mimi kila mara niko uani nimeziba masikio nalia, mama mkwe ndani anapangusa. Kisha naingia nanyonyesha, namwomba Mungu maziwa yabaki tumboni.

Na hapo ndipo mambo yalipogeuka bila mtu kunitangazia. Kwa kuwa yeye ndiye anayepangusa, yeye ndiye akawa anaamua. Nguo gani avae, anyonye saa ngapi, nani amwone. Nikisema kitu, ananikata: "We nenda uani kwako."

Mume wangu? "Mama amelea watoto wengi, mwachie." Mwanamume anafungua injini nzima na kuirudisha, lakini nyumbani kwake hakutaka kufungua hata mdomo.

Majirani wakaanza kupita. Kila anayepita ana neno. Chanjo imemuunguza tumbo. Chanjo za siku hizi za vita si nzuri. Halafu mmoja akalitamka lile neno: kirimi.

Kwa wasiojua, kirimi ndicho hicho mnachokiita Tanzania kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kwetu mtoto mchanga akitapika au akikataa ziwa, watu wanasema kimeota, kimekuwa kirefu, kikatwe. Na wako wazee wanaofanya kazi hiyo ya kukata.

Mama mkwe akashika hapohapo. "Huyu mutoto ako na kirimi. Ile chanjo ya mara mbili imekiamusha."

Nikakataa, tena nilikataa kwa sauti. Mtaa wetu ulikuwa na mama aliyempeleka kitoto chake kwa mzee mmoja wa Kanyosha, kule pembeni mwa mji chini ya milima, akakatwa, damu haikukata. Tulizika asubuhi yake. Na mnajua watu walisema nini msibani? Walisema ameuawa na chanjo! Mtoto amekufa na jeraha kooni, lawama ikaenda kwenye sindano ya paja. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu, na hakuna aliyebisha.

Kwa hiyo nilipomwambia mama mkwe "apana, Zaina hakatwi", nilijua ninachosema.

Akanitazama tu. Nikadhani yameisha.

Asubuhi moja nikaenda sokoni kununua sabuni na makaa. Kurudi, nyumba tupu. Mkeka upo, beseni lipo, mtoto hayupo. Jirani akachungulia dirishani: "Mukwe wako na wifi yako wamemupeleka Kanyosha, kwa muzee wa kirimi. Hawakukwambia?"

Ndiyo, wakuu. Wifi yangu. Huyuhuyu wa kwenye walima.

Sikumbuki kufunga mlango. Nilipata teksi, lakini dereva akanishusha kwenye kizuizi cha wanajeshi kabla ya kufika, hakuna gari linalopita, milimani kulikuwa kunalia risasi tangu alfajiri. Watu wa Kanyosha walikuwa wanashuka, magodoro kichwani, mbuzi mkononi, watoto mgongoni. Mimi napanda.

Bibi mmoja akanishika mkono. "Weye, mi natoka, we unaenda wapi?"

Nikamwambia, "Mutoto wangu iko kule."

Akaniachia.

Hapa naomba mnielewe hasira yangu. Watu wale wawili walibeba kichanga wakapita nacho katikati ya milio ya risasi. Risasi hawakuziogopa. Waliogopa maziwa yaliyorudi! Halafu mimi ndiye ninayechekwa kwenye harusi kwamba woga wangu hauna akili.

Nyumba ya mzee sikuipata kwa shida, karibu ilikuwa ndiyo pekee yenye mlango wazi. Nikaingia.

Wifi ameketi kwenye kigoda, Zaina yuko mapajani mwake, miguu imebanwa. Mama mkwe amekishika kichwa kwa nyuma. Mzee yuko mbele yao, shati safi, mkono mmoja kijiko cha kukandamizia ulimi, mwingine kichuma kilichopindwa ncha. Alikuwa anauliza maswali yake, kwa upole kabisa.

"Mulimupa dawa?"

Mama mkwe akajibu, na hakuniona kwamba nimesimama nyuma yake. "Ya majani, ya kutoa sumu ya ile chanjo. Asubuhi na jioni. Inamutapisha vizuri."

Inamtapisha vizuri.

Wakuu, nilihisi kama nimepigwa kofi. Kumbe yale niliyokuwa nayakimbilia uani yalikuwa yanapikwa jikoni kwangu! Kila nilipotoka nje, kikombe kinaingia. Mtoto anatapishwa, kisha anaambiwa anatapika, kisha analetwa kukatwa koo kwa sababu anatapika. Na mimi sijui, kwa sababu siko chumbani, na aliyeko chumbani anajua kwamba sitaingia.

Nikasema, "Mutoeni mikono."

Mama mkwe akageuka. Hakushtuka hata kidogo. "We nyamaza. Mutu mwenye kukimbia matapishi ya mutoto wake, hana neno hapa."

Mzee akaendelea na kazi yake kama vile mimi ni kuku aliyeingia ndani. Akaingiza kijiko. Zaina akakakamaa, koo likagutuka, akatapika.

Miguu yangu iligeuka kuelekea mlangoni. Sitawadanganya. Iligeuka yenyewe kama inavyogeuka siku zote, masikio yakaziba, nikaona ule mlango na mwanga wa nje, nikautamani kwa moyo wangu wote.

Sijui nilifanyaje. Najua tu kwamba nilifumba macho, nikamrukia wifi, nikamnyakua mwanangu. Zaina akatapika tena, safari hii kifuani kwangu, ya moto, ikateremka mpaka tumboni. Meno yangu yanagongana. Nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni, hata ile ya kuingia msalani.

Lakini sikumwachia.

Nikatoka naye hivyohivyo, nikashuka na wale wa magodoro. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakimbia na mzigo wake akaniona ninavyotetemeka. Akanipa ncha ya kanga yake nijifute, hakuuliza kitu, akaendelea. Yeye amepoteza nyumba siku hiyo na hakunicheka.

Nikaenda moja kwa moja kituo cha afya kingine. Muuguzi wa pale akamtazama Zaina, akaitazama na hali yangu, akaanza kwa kunipa kitambaa chenye maji. Nikamweleza yote, mpaka matone ya mara mbili.

Akasema, "Akitapika palepale tunarudia, haina neno, haimudhuru. Homa kidogo baada ya sindano ni kawaida. Majani acha kabisa. Munyonyeshe kidogo kidogo, nitamuangalia hapa mpaka jioni."

Basi. Ni hayo tu. Maneno ya muda wa kumeza mate tu, na kama yangesemwa siku ile ya kwanza badala ya "suivant", mwanangu asingefika Kanyosha. Majani yalipokoma, kutapika kukakoma. Kumbe hakukuwa na kirimi wala sumu.

Nyumbani hakuna aliyeniomba radhi. Mume wangu alisema nimemvunjia mama yake heshima mbele ya mtu wa nje. Nikamwambia kuanzia leo kikombe chochote kinachoingia kinywani mwa Zaina nitakionja mimi kwanza. Nikawa navionja kweli.

Sasa turudi kwenye walima.

Wifi amemaliza nusu yake, watu wanacheka. Nikasimama.

"Wifi, malizia. Sema na Kanyosha."

Akacheka kidogo, "Kanyosha gani tena?"

Nikamwita Zaina. Ni mwanamke mzima sasa, ana mtoto wake mgongoni. Alikuwa anagawa maandazi. "Njoo mwanangu. Fungua mdomo, shangazi zako waone."

Akadhani ni utani, akaupanua kama yuko kwa daktari wa meno. Nikamwambia mama mmoja wa makamo awashe tochi ya simu, aangalie kooni.

"Kinyama kile kipo?"

"Kipo," akasema. "Kizuri tu."

"Basi muulizeni wifi siku kilipotaka kukatwa ni nani alimshika miguu."

Hakuna aliyecheka. Wifi akachukua sahani yake akaenda jikoni, na alikaa huko mpaka tunaondoka. Zaina akabaki ananitazama, maana hata yeye alikuwa anaijua ile nusu tu.

Wakuu, somo nililolipata ni hili. Muuguzi akikujibu kwa matusi, uliza tena, hata kama benchi zima linakucheka. Mtoto akitapika bila kukoma mpelekeni hospitali, msimpeleke kwenye kichuma cha mtu. Na wewe unayeogopa kitu ambacho wengine wanakiona kidogo, usikubali woga huo utumike kukunyang'anya mtoto wako. Kuogopa hakukuondolei umama.

Mimi sijapona. Mwezi uliopita mjukuu alirudisha maziwa, nikajikuta uani, mbali. Nilichofanya ni kupiga kelele kutoka hukohuko: "Mumemupa nini?" Zaina akanijibu kila kitu, kimoja kimoja.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye hali kama yangu semeni, na waliopelekwa kukatwa kimeo wakiwa wachanga pia. Wa kunicheka karibuni, nimeshawazoea. Ila mkienda kuwasimulia watu, msiishie uani. Fikeni na Kanyosha.