Gauni la Kijani la Mama

Nilipokuwa mtoto, kwetu Mchafukoge marehemu hakutazamwa, hata pichani, mpaka arobaini ipite. Mama alipofariki, bibi mzaa mama aligeuza picha zake ukutani na kufunika TV kwa kanga.

Mimi nilikuwa mkaidi, sikatai. Bibi akienda Feri kununua samaki, nafunua kanga, naweka diski ya harusi ya mama mdogo. Humo mama anacheza kavaa gauni la kijani, kisha anageukia kamera na kuniita, "Mwanaidi, njoo!" Sauti yake nyingine hatukuwa nayo.

Siku moja nikapapasa rimoti ya deki kupunguza sauti, majirani wasisikie. Picha ikaruka, gauni likawa la kijivu. Na mama mwenyewe akawa wa kijivu, uso mpaka mikono. Nilipiga yowe. Bibi akanikuta hapo, samaki mkononi.

Hakunichapa. Alikaa, akatazama. "Umeona? Rangi imemtoka. Maiti akitazamwa sana huchoka. Mwache mama yako apumzike."

Akaifunga diski kwenye kitambaa. Arobaini ikiisha, alisema, ataifukia kaburini.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikaiiba diski, nikabeba na deki na rimoti hadi kwa fundi, mzee wa Kihindi wa mtaa wa pili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Deki imekufa?"

"Aliyekufa ni mama. Deki imemtoa rangi."

Hakucheka. Aliunganisha nyaya kwenye TV yake kuukuu, akabonyeza kitufe kimoja cha rimoti. Gauni likawa la kijani tena.

"Ulikigusa hiki," alisema. "Deki inasoma diski, halafu inaipelekea TV mwanga na rangi kwa mtindo mmoja kati ya miwili. TV kama hizi zinajua mmoja tu. Ukiubadilisha, mwanga zinaupata, rangi zinaikosa. Diski yako ni nzima."

Nilirudi mbio kumwonyesha Bibi, najiona mjanja wa mji. Alitazama hadi mwisho.

"Kwa hiyo hakuchoka?"

"Hapana, Bibi. Ni kitufe tu."

"Basi rudisha mwanzo."

Tangu hapo alitazama kila siku, chakula kikimpoa mbele yake, mpaka mama mdogo akaja kumchukua akakae kwake.

Fundi alisema kweli, sina ugomvi naye. Ila Bibi alishapata sababu ya kuacha kumtazama mwanawe, nami nikamnyang'anya. Inaniuma mpaka leo. Na bado najua ningeibeba tena deki ile hadi kwa fundi: nilikuwa na miaka tisa, na nilimtaka mama yangu.